Kaka Matar, Mbunge Wetu wa Miaka Kumi

Jirani yetu Bharti aliwahi kuniuliza kwenye ngazi: "Bi Zainab, ndugu yako mbunge mzima, mbona lifti yetu mbovu mwaka wa tatu huu?" Matar alikwisha andika barua kumi na moja za lifti hiyo, na mwenyewe alikuwa akipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya sita, mgonjwa vile.

Marehemu Matar Hafidh Seif alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Hafidh. Alisoma hapo hapo Wete, akaja London mwaka 1982. Mchana alifagia stesheni, jioni alisoma, mpaka akapata ukarani katika ofisi ya nyumba za kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa.

Mwaka 1990 alimuoa Bi Afra. Siku ya ndoa shehe alisubiri saa nzima. Bwana harusi alikuwa akimjazia mzee mmoja fomu ya nyumba. Bi Afra akamwambia, "Basi ungemuoa huyo mzee!"

Alikuwa diwani tangu 2002. Mwaka 2015 alichaguliwa mbunge katika Bunge la Uingereza, na mara tatu tena baadaye, 2017, 2019 na 2024. Kila uchaguzi alituahidi kuwa huo ndio wa mwisho. Tulichoka kumuamini.

Maradhi ya figo yalimuanza 2022. Bunge humruhusu mbunge mgonjwa ampe mwenzake ampigie kura. Matar hakutaka. Februari mwaka huu tulimpeleka bungeni kupiga kura na homa yake, nikamwambia garini, "Kaka, mpe mwenzio, utakufa!" Akanijibu, "Zainab, watu walitia alama kwenye jina langu, si la mwenzangu." Akaingia na mkongojo wake. Upande wake ulishindwa kwa kura themanini.

Alifariki hospitali Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya adhuhuri. Hata hajaoshwa, simu tatu zimeshaingia: nani atagombea kiti chake? Nilikasirika, Mungu anisamehe.

Ameacha mjane, Bi Afra, watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi dada yake. Mwenyezi Mungu amghufirie, ampe mapumziko aliyoyakataa duniani.

Sisi wanawake tumebaki nyumbani. Anayewasomea hapo makaburini ni mwanangu Mahir. Na nyinyi mnaokitaka kiti mmesimama hapo hapo, najua. Juma moja kabla hajafa, Matar alinishika mkono akaniomba: "Nizikeni kwanza. Kura waombe wiki ijayo."