Miezi Mitano ya Kungojea Protoni

Mgeni rasmi, Daktari Byamukama, mtaalamu wa tiba ya mionzi; viongozi wa dini; ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Kongo: karibuni Bwera. Sisi ni wazazi thelathini na mmoja wa watoto wenye saratani. Tunashukuru umekuja kutusikiliza kuhusu tiba ya protoni.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzishwa na Erifazi, mkulima wa mahindi wa Karusandara, huyu aliyeketi mstari wa mbele. Ameomba mwenyewe tusimfiche jina.

Binti yake Immy alikuwa na miaka sita alipoanza kutapika kila asubuhi na kuyumba akitembea. Kampala wakakuta uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo. Alipasuliwa, kisha daktari akasema mionzi ya eksirei ianze ndani ya wiki chache. Erifazi akauliza kama itamdhuru. Daktari hakumficha: eksirei hupenya hadi upande wa pili, na sehemu za ubongo zisizo na ugonjwa nazo huumia. Akataja kwamba nchi nyingine hutumia protoni.

Neno hilo halikumtoka Erifazi kichwani. Akamwendea Sylvie, fundi wa eksirei kutoka Butembo anayeishi hapa Bwera.

"Baba Immy, banachukua gesi ya hidrojeni, banaitoa elektroni, inabaki protoni," Sylvie alimweleza. "Umeme na sumaku zinaizungusha mupaka inakimbia sana sana. Halafu sumaku zingine zinaileta ku chumba ya mugonjwa. Mashine ya kuzunguka kitanda iko kubwa sawa nyumba ya orofa tatu. Protoni ikiingia mu mwili inatoa nguvu kidogo kidogo, lakini karibu yote inaiangusha mwisho, pale uvimbe iko. Inasimama. Nyuma yake haiendi."

"Wanajuaje itasimama wapi?"

"Banapima kwanza na picha. Ukiipa nguvu mingi inafika mbali, ukipunguza inasimama karibu. Banapaka uvimbe tabaka kwa tabaka. Mutoto anavaa barakoa ya plastiki, kichwa isicheze."

Erifazi akaamua kwamba mwanawe atatibiwa kwa mwale unaosimama. Akaomba rufaa ya kwenda nje. Akaambiwa asubiri, na aliporudi akaambiwa hivyo hivyo. Mkewe Loyi alisema, "Tumpeleke tu Kampala." Erifazi alikataa. Ikapita miezi mitano. Uvimbe ukarudi, ukashuka kwenye uti wa mgongo. Immy alifariki mwezi Machi, akiwa mgongoni mwa mama yake.

TULICHOFANYA

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Erifazi alisikia kwamba Jeanine, muuza vitenge hapa mpakani, ana mtoto mwenye ugonjwa ule ule, Benoît. Akaenda kwake.

"Miye nitangojea ile ya muzuri, ya protoni," Jeanine alimwambia.

"Mimi nilingojea, mama. Ile ya Kampala nayo inaua ugonjwa. Tunaenda kesho."

Wakapanda basi pamoja. Leo Benoît yuko darasa la tatu. Sikio moja halisikii vizuri na anasoma polepole, lakini anasoma. Tangu hapo Erifazi amesindikiza familia tisa.

MAOMBI YETU

Hatusemi protoni haifai. Pengine ingeliokoa sikio la Benoît, na tunaomba siku moja iwafikie watoto wetu. Lakini uvimbe haungoji kuta za mashine hiyo zijengwe. Kila barua ya rufaa iandikwe kwa lugha tunayoielewa: tiba ipi ni bora, ipi ipo sasa, na mtoto anaweza kungoja hadi tarehe gani.

Ombi la mwisho ni la Erifazi. Amewauliza madaktari wanne kama Immy angeishi iwapo angeanza eksirei siku aliyopangiwa. Wote wanne walitazama pembeni. Hatutaki umjibu hapa mbele za watu. Tumepanga viti vitatu nyuma ya kanisa, na Loyi atakuwepo. Tunakuomba umwambie ukweli, hata ukiwa mzito. Tutamsubiri nje.

Mungu akufikishe salama Kampala, na awape nguvu wote wanaowashika watoto wetu wakati wa maumivu.

Ni sisi, Wazazi wa Watoto Wenye Saratani, Bwera.
Imesomwa na Musimenta, katibu.