Natalia Tluway na Mkono Ulionyonya Tumboni

Inosenti, mtoto wa kaka yetu, kasoma mpaka kidato cha nne, lakini kalamu ya kuandika wasifu huu wa marehemu wameniletea mimi Bibiana, niliyezijua herufi ukubwani kwenye elimu ya watu wazima. Eti, "Shangazi, wewe ndiye uliyekuwepo." Kweli nilikuwepo. Basi asiyekuwepo asinisahihishe.

Marehemu mdogo wangu Natalia alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 huko Daudi, Mbulu, mtoto wa mwisho wa mzee Tluway. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, akamaliza darasa la nne mwaka 1960. Kuimba alijua. Hesabu alizichukia, nazo zilimchukia.

Mwaka 1968 tulikwenda wawili kuchuma kahawa kwenye shamba moja kule Oldeani. Huko alichumbiwa na Bonifasi Kitundu wa Singida, fundi wa matrekta, mtu mpole. Mahari ikapokelewa. Juni 1973 mashine ya kumenya kahawa ikamshika mkono wa kulia. Ngozi yote ya mgongo wa kiganja ilibaki kwenye mashine, mifupa tukaiona.

Hospitalini daktari alisema mkono ukatwe, au wajaribu jambo ambalo linaweza kushindikana. Baba mdogo wa Bonifasi naye alikuwa amefika kutoka Singida. Akasema mlangoni mwa wodi, kila mtu akisikia, "Sisi tulitoa mahari ya mikono miwili."

Nikamwambia, "Mzee, kaa kwenye benchi. Wa pili unakuja."

Daktari alitueleza taratibu. Ngozi bila damu hufa. Kwa hiyo angekata kipande cha ngozi ya tumbo pande tatu tu, upande wa nne ubaki umeshikana na tumbo, kisha akishonee juu ya mkono. Kipande kingekunywa damu ya tumbo huku mkono ukiota mishipa yake midogo mipya na kuiingiza mle ndani. Ikishaingia, tumbo linaachwa.

Natalia akasema, "Ndama aliyefiwa na mama. Hatumtoi kwenye chuchu moja kabla hajaizoea ya pili."

"Hivyo hivyo," daktari akasema, akicheka.

Wiki tatu alilala mkono umeshonwa tumboni. Wanawake wa kambi ya wachumaji wakaja kumtazama.

"Natalia we, mkono uko wapi?"

"Unanyonya."

"Unanyonya nini?"

"Tumbo. Msiuamshe."

Siku ya kujua ikafika. Daktari alikibana kile kipande pale kiliposhikana na tumbo, damu ya tumbo isipite. Tukasubiri. Kama mkono haukuota mishipa, kipande kingekufa na mkono ungekatwa. Sista Eunike, muuguzi, akakichoma kipande sindano aone kama kina damu. Pakavu. Bonifasi akageukia ukuta.

Marehemu akasema, "Sista, umechoma kwa woga. Choma kama umekasirika!"

Akachoma tena. Damu ikatoka, nyekundu, inang'aa, damu ya mkono wenyewe! Nilipiga vigelegele mpaka wodi ya wanaume wakauliza nani kajifungua. Na baba mdogo alipokuja kuaga mwezi uliofuata, marehemu alimnyoshea mkono ule ule. Aliushika. Afanyeje?

Walifunga ndoa tarehe 9 Februari 1974, wakahamia Baray kulima vitunguu. Marehemu alishika jembe, alikanda unga, alibeba watoto. Ile ngozi haikusahau ilikotoka: mwenyewe akinenepa, nayo ilinenepa. Watoto waliiminya wakisema, "Mama, mkono wako una kitambi."

Mwaka 1985 uvimbe ulimwota kwenye titi la kushoto. Daktari mwingine alisema uvimbe wa namna hiyo nao hujiotesha mishipa ya damu, ndiyo inayoulisha ukakua. Marehemu akafikiri, akaniambia, "Dada, mwili wangu ni kama mimi. Unamlisha kila anayebisha hodi."

Alifanyiwa operesheni, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 1986, nyumbani, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono ule. Titi liliharibika, mapafu yakachoka. Mkono wa mashine ulikuwa mzima mpaka dakika hiyo, una joto, umeninyima hata nafasi ya kujikuna. Hospitali ilitaka kuutupa, nao umelima miaka kumi na mitatu!

Ameacha mume, Bonifasi. Watoto watatu, Josephati, Eunike aliyepewa jina la sista, na Paskalina. Na mimi dada yake.

Natalia wetu apumzike, amefanya kazi yake. Ninyi msipumzike. Vitunguu vyake vimekomaa shambani na watoto wanadaiwa ada ya shule. Jumatatu alfajiri nataka kila aliyesoma karatasi hii awe kwenye mfereji wa chini, na jembe lake. Mwenye mikono miwili asiniletee sababu.