Dada Yetu, Daktari wa Makoo ya Mbuzi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1979, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, ambako alimvunja jino mvulana aliyenipiga teke. Baba alimchapa mpaka fimbo ikakatika. Huku akifuta kamasi, akasema, "Nichape tena, Baba, lakini lile jino halirudi." Mwaka 2004 alihitimu udaktari wa mifugo.

Kazi yake wengi hamkuielewa, mkamwita Mama Mbuzi. Alimlaza mbuzi kwa dawa ya usingizi, akampasua koo, akakata mshipa wa fahamu unaochezesha uzi mmoja wa sauti, kisha akapachika kipandikizi cha kuusukuma ukutane na wa pili. Wengine aliwawekea silikoni, wengine madini ya titani, wengine mafuta ya tumbo lao wenyewe, apate kulinganisha kipi kitawafaa watu waliopooza koo. Ili mbuzi alie na sauti irekodiwe, mwanawe alipelekwa nyuma ya ukuta. Hapo marehemu alikosa subira: "Jamani, sauti tumeshaipata, mrudisheni mtoto!" Mafuta yalileta sauti nzuri, ila mwili uliyala. Silikoni ilidumu, lakini mbuzi mmoja alivimba koo, akajigonga ukutani akitafuta pumzi mpaka akafa. Marehemu alilia siku nzima. "Huyu nimemuua mimi," alisema, "msiisingizie silikoni."

Aliolewa tarehe 14 Agosti 2009 na muuza mbao, akajaliwa binti mmoja. Ndoa ilimpiga. Alipovunjika mkono, wakwe walisema ameteleza bafuni. Mtu ashinde kwenye sakafu yenye damu ya mbuzi asiteleze, aje ateleze bafuni kwake! Alipong'oka meno mawili, bafu likasingiziwa tena.

Kuhusu ugonjwa na kifo, Baba mdogo aliniomba niandike kwamba alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, tusije tukagombana msibani. Samahani, Baba mdogo. Dada hakuugua hata mafua. Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, alimwambia mumewe kwamba anaondoka na mtoto. Mume alimkaba jikoni kwa mikono miwili mpaka koo likavunjika. Daktari aliyeuchunguza mwili alianza kutueleza taratibu, kwa huruma, ni nini kilichopondeka. Hakukuwa na haja. Dada alikuwa ametufundisha kila kiungo cha koo mezani, tukila, tukimwomba anyamaze. Nina hasira, na sioni haya kuisema mbele ya kaburi lake.

Ameacha mama, binti yake mwenye miaka kumi, mimi mdogo wake, na zizi la mbuzi wanaolia vizuri kabisa. Mume hayumo katika orodha hii, wala mchapaji hakukosea.

Amani aliyonyimwa nyumbani kwake, Mungu ampe hapa.