Thelda Barrutia, Mfungua Maji wa Bwawa la Sorrel, Anakabidhi Funguo

Tarehe 30 Septemba, Bi. Thelda Barrutia anastaafu baada ya kulitumikia Shirika letu la Umwagiliaji la Sorrel kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Muda wote huo alikuwa na kazi moja: kufungua na kufunga malango ya bwawa. Wengine wetu tumepanda vyeo, tumehamishwa, tumerudi. Yeye alibaki palepale juu ya ukuta, ingawa neno "alibaki" halimfai mtu huyu. Mikutanoni husimama karibu na mlango. Kahawa huinywa akitembea. Mkate wake wa soseji huulia ndani ya pikapu, injini ikinguruma.

Aliajiriwa Mei 1986, mwanamke wa kwanza hapa Idaho, kwa tunavyojua sisi, kukabidhiwa malango ya bwawa kubwa kama letu. Meneja wa wakati huo, Garth Wixom, alimwambia siku ya kwanza, "Gurudumu likikushinda, piga honi, nitamtuma mwanamume." Honi hiyo haijasikika mpaka leo.

Kazi ya ndege alijitwika mwenyewe. Kila mwishoni mwa Mei, watu wa wanyamapori hupita na eropleni ndogo kuwahesabu vibisi, wale wazamiaji wenye shingo ndefu na macho mekundu wanaojenga kwenye matete yetu. Mwaka 1988 walihesabu 940. Mwaka 1995, 910. Ripoti zikasema hali ni nzuri.

Thelda hakutulia. Agosti 1996 aliazima boti, akahesabu asichohesabu mtu: makinda, ambao vibisi huwabeba mgongoni. Aliwapata kumi na mmoja. Mwaka uliofuata, saba.

"Garth," alisema, "kile ni kijiji cha wazee watupu."

"Ndege wapo mia tisa, Thelda. Unataka nini zaidi?"

"Wajukuu."

Kibisi huishi miaka mingi, kwa hiyo walewale walikuwa wakirudi kila majira ya kuchipua, na hesabu ya angani ikaonekana haina kasoro. Kisha wazee wakaanza kuisha. Mwaka 2003 walikuwa 610. Mwaka 2008, 340.

Majira ya baridi ya mwaka huo alitandaza madaftari mawili juu ya meza ya jikoni kwake, la viota na la malango, yote kwa mwandiko wake. Kiota cha kibisi huelea, kimefungwa kwenye matete. Kila wiki ya kwanza ya Julai alikuwa akifungua malango yote kwa ajili ya mashamba, na ziwa la nyuma ya ukuta likishuka futi mbili ndani ya siku tano. Viota vikabaki vikining'inia juu ya tope. Miguu ya kibisi iko nyuma kabisa ya mwili, nchi kavu hawezi kwenda. Ndege wakayaacha mayai.

Asubuhi iliyofuata alinikuta kwenye maegesho, hata glavu hakuvua. "Ni mimi, Colleen. Nimekuwa nikiwamaliza mimi."

Nilimwambia ile ilikuwa kazi tu.

"Ndiyo," alisema. "Kazi yangu."

Machi 2009 alikwenda mbele ya bodi na pendekezo: maji yaanze kutolewa Mei, kabla ndege hawajajenga, yajaze mabwawa madogo ya chini yanayohudumia mashamba, kisha ziwa lishikiliwe bila kushuka kwa wiki sita hadi makinda watoke. Dwight Sorensen, mkulima wa maharage na mjumbe wa bodi, aliegemea kiti. "Thelda, kibisi hajawahi kupanda shamba hata moja."

"Na wewe hujawahi kutaga, Dwight. Ila nyote wawili mnayatumia maji yangu."

Bodi ilicheka, ikampa msimu mmoja wa majaribio, kwa kura moja ya ziada.

Julai hiyo lilikuja joto ambalo hatukuwa tumelizoea. Wiki ya tano ilipoanza, mabwawa ya chini yalionyesha sakafu. Dwight alikuja ukutani kila asubuhi. "Maharage yangu yanakufa," alisema, na Thelda alijua ni kweli, kwa sababu alikuwa amekwenda kuyaona. Alimpakia kwenye boti. Katikati ya matete, kibisi mmoja aliteleza majini akaacha kiota wazi. Yai moja lilikuwa limeshadonolewa kwa ndani na kinda.

Dwight aliinamia kiota. "Siku ngapi?"

"Kumi."

"Kumi sina. Nina tano."

Dwight akampa tano. Siku ya sita amri ya bodi ilifika. Meneja alitaka mtu mwingine afungue. Thelda alikataa, akalizungusha gurudumu kwa mikono yake. Nusu ya viota ilibaki juu ya tope, naye alipita akiandika kila yai lililopoa. Lakini Agosti alihesabu makinda 94, wengi kuliko jumla ya miaka kumi iliyotangulia. Dwight alipoteza ekari kumi na saba, na hajaacha kumkumbusha.

Tangu hapo mabwawa ya chini yamechimbwa zaidi, na karibu kila mwaka wiki sita zimetimia. Mwaka huu tuna vibisi 655 na makinda 171. Lakini katika ukame wa 2021 hakupatikana kinda hata mmoja. Ndiyo maana watu wa wanyamapori walipotaka kuandika kwamba vibisi wa Sorrel wamepona, Thelda aliwakatalia. "Andikeni wameongezeka. Kupona bado."

Mwaka huu malango yanafungiwa mota za kuendeshwa kutoka ofisini, na nafasi yake haitajazwa. Kiangazi kizima alizunguka akiuliza nani ataangalia matete. Jibu lilituaibisha: hakuna. Zile wiki sita hazikuwa zimeandikwa popote. Zilikuwa ni yeye tu. Karatasi za kustaafu zilikaa mezani kwake bila sahihi hadi mkutano wa Septemba, alipozileta pamoja na ukurasa mmoja wenye zile wiki sita, akaomba uwe kanuni ya bwawa.

Meneja wetu mpya alisema jambo hilo litafutiwe muda. Dwight, sasa ana miaka themanini na mmoja, akagonga fimbo sakafuni. "Iandikeni leo. La sivyo huyu mama atapiga simu kila siku ya Julai, na namba yangu anayo."

Mikono yote ilinyanyuka. Kisha Thelda akauliza nani atahesabu makinda Agosti. Nikajikuta mimi, mkaguzi wa mifereji nisiyejua kuogelea, nimenyoosha mkono. Alizitia sahihi karatasi zake hapohapo. Tangu siku hiyo amenifundisha kukaza jaketi la kuokolea mara nne.

Bi. Thelda, asante kwa maji, na kwa kutuambia ukweli uliokuuma wewe kwanza. Tunakuombea afya, barabara ndefu, na Julai zisizo na simu yetu. Ziwa tutalishikilia.

Colleen Pratt, kwa niaba ya wafanyakazi wote