Niliomba Ukame, Nikapewa

Ndugu zangu watakatifu wa Barking, hapa London, na ninyi mnaosoma haya mkiwa mbali, nawasalimu katika jina la Bwana, ambaye amempa mke wangu pumzi leo. Aleluya!

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Baba Neema, mwenye gari jeupe la kuosha mazulia. Niliishia darasa la nne huko Musoma, na sioni haya kusema. Waliosoma kunizidi nimewaajiri na kuwalipa mshahara. Nilifika London sina mtu, nikafagia maofisi, nikanunua mashine yangu, nikanunua gari, nikanunua na nyumba tunayokaa, ghorofa ya juu. Sikuwahi kuomba mtu kitu. Hata hapa kanisani mkipitisha mchango wa mwenye shida, mimi nilikuwa wa kutoa tu. Kupokea? Kamwe! Nilidhani hiyo ndiyo imani.

Mke wangu, Mama Neema, tulianza naye kazi hiyo. Yeye alipiga brashi na zile dawa kali, mimi nikasukuma mashine. Miaka mingi ya kuvuta ule mvuke ilimla kifua. Daktari alimwambia mapema: mama, wewe baridi ni adui yako. Lishikeni hilo neno, maana habari yote iko hapo.

Basi ukaja ule msimu wa baridi mkavu. Mnaukumbuka. Mvua haikunyesha, upepo haukuvuma, mbingu zikawa ngumu kama bati, na asubuhi barafu nyembamba imeshika vioo vya magari. Umeme ukapanda bei hadi watu wakaanza kusimuliana habari za mita kama wanavyosimuliana misiba. Nyumba yetu haina gesi. Kila hita ni ya umeme.

Mtu mwenye akili angelia na wenzake. Mimi nilikasirika. Nikasema, kama hawa jamaa wananikamua, basi na mimi nitahamia upande wa wanaokamua! Redio ya garini kila siku ilisema umeme ghali, umeme ghali, na utashuka bei siku mvua na upepo vikirudi. Nikawaza: kitu kikiwa ghali, mwenye duka anatajirika. Hiyo haihitaji shule. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta kampuni ya umeme, nikaona moja ina picha nzuri ya milima na maji ya buluu, nikanunua hisa. Niliweka akiba yote, ile ya kujenga nyumba Musoma tukazeekee huko. Mama Neema nilimwambia baada ya kununua.

Aliniangalia. "Baba Neema, hiyo kampuni umeiuliza nani?"

"Nimeuliza akili yangu," nikamjibu. "Ndiyo iliyokuleta Ulaya."

Ndugu zangu, mwanzoni zilipanda! Naomba mnielewe hatari yake. Hasara ingenifundisha mapema. Faida ilinipofusha. Nikauza mashine ya pili ya mazulia, nikaongeza hisa. Nikawa naamka naangalia simu kabla ya kusali. Jirani akilia habari ya bili, mimi moyoni nacheka. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini alinieleza kwamba anashinda kwenye basi, anazunguka nalo tu kwa sababu ndani kuna joto. Nilimpa pole kwa mdomo. Moyoni nilisema, asante mama, endelea.

Na kwangu mwenyewe nikazima hita. Kila hita ikiwaka niliona hela za kununulia hisa zinaungua. Niliacha moja tu, ya sebuleni, nayo kwa saa ninazotaka mimi. Mama Neema akawa analala na koti, na soksi zangu za kazini.

"Nimeolewa na mwenye kampuni ya umeme," alikuwa akiniambia, "na nalala kama samaki kwenye friji. Tajiri wangu, niwashie basi hata balbu niote."

Nilicheka. Nilimwambia avumilie, tutawasha tukiwa Musoma. Musoma, ndugu zangu, kwenye lile joto!

Sasa nafika mahali pa aibu. Mnakumbuka mfungo wetu wa mwanzo wa mwaka, kila mtu analeta haja yake. Zamu yangu ilipofika nilisimama katikati yenu, nikapaza sauti: "Bwana, zifunge mbingu! Mvua isinyeshe! Upepo usivume! Kama ulivyofanya siku za manabii, fanya na leo!" Nilikuwa nimefunga kweli, tumbo tupu, jasho linanitoka. Niliamini mvua ikija umeme utashuka bei na mimi nitashuka nao.

Dada Wanjiru, kiongozi wetu wa maombi, ambaye wote mnajua ni nesi na hamumunyi maneno, alifungua macho katikati ya maombi. "Mzee, hii ni maombi gani sasa? Kule Kitui nilikokulia watu hufunga ndio mvua ije. Wewe wafunga isije?"

Nikamjibu, "Dada, Bwana anajua haja ya mtumishi wake."

Nanyi mkasema amina! Siwalaumu. Mlidhani nina kiwanja cha kujenga, au harusi. Mlisema amina kwa nguvu, na madirisha yakatetemeka.

Na Bwana akanipa. Mbingu zilifungwa kabisa. Wiki baada ya wiki, jua jeupe lisilo na joto, na baridi inayopenya mfupa. Umeme ukapanda tena. Na hisa zangu zikaanza kuanguka.

Sikuelewa! Bei ya umeme juu, hisa chini. Nikasema ni jaribu la imani. Nikanunua zaidi, maana zimekuwa rahisi. Zikaanguka tena. Jumapili moja baada ya ibada nikamwita binti yetu Neema, aliyezaliwa hapa, nikampa simu anisomee kampuni inasema nini. Mama yake alikuwa kwenye kochi amejifunika blanketi. Neema anatuelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Nawatafsiria.

"Baba, hawa wanatengeneza umeme kwa mabwawa ya maji. Mvua haijanyesha, mabwawa yameshuka. Na walishawaahidi wateja wao umeme kwa bei ya zamani. Sasa inabidi waununue kwa wenzao, kwa bei hii ya juu, ndipo wawape wateja. Wanakula hasara kila siku."

Neema akanirudishia simu.

Kisha Mama Neema akaanza kucheka. "Mabwawa? Baba Neema! Si ulifunga! Si ulimwomba Mungu akaushe! Mwanamume wa Musoma wewe, umesahau mgao wa umeme? Umesahau tulivyokaa gizani kwa sababu bwawa limekauka, mpaka watoto wa mtaa mzima wakaijua sababu? Umekuja Ulaya ukadhani huku umeme unachimbwa kama muhogo?"

Alicheka sana. Nami nilitaka kukasirika. Lakini kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma. Midomo ikabadilika rangi. Neema akapiga simu ya gari la wagonjwa, mimi nimesimama katikati ya sebule yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mke wangu anapokohoa, pumzi yake inaonekana hewani. Ndani ya nyumba, ndugu zangu! Nyumba niliyojisifia!

Hospitali walimvika barakoa ya hewa. Daktari kijana aliniuliza swali moja tu: nyumbani kuna joto? Neema akajibu kwa niaba yangu, na hakunitazama.

Nikatoka hadi kwenye korido, nikataka kuomba. Mdomo haukufunguka. Ndugu zangu, nimepita njaa, nimelala stesheni, nimefukuzwa kazini, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Watu husema tatizo ni Mungu kutosikia. Mimi nilikuwa na Mungu aliyesikia! Nilikuwa nimepata kile kile nilichoomba. Sasa niombe nini tena, kwa mdomo ule ule?

Nikampigia Dada Wanjiru. Nilimweleza yote, hisa, hita, maombi yangu yalikuwa ya nini.

"Mzee," akasema, "mimi ni nesi. Ningejua mama analala kwa hiyo baridi, ningekuja kumbeba mgongoni."

"Najua."

"Sasa wataka nini?"

Ndipo nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu: "Nisaidieni. Mimi siwezi kuomba. Ombeni ninyi, apumue."

Mlikuja. Wengine mlitoka kazini na sare zenu. Mlisimama kwenye maegesho kwa sababu wodini hawakuwaruhusu, mkaomba kwenye ile baridi niliyoitafuta mimi. Na siku ya tatu Mama Neema alitoa barakoa akasema ana njaa. Asifiwe Bwana!

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Hisa niliziuza kwa bei ya kutupa. Nyumba ya Musoma haipo na haitakuwepo. Mama Neema, mliyemzoea kwenye safu ya mbele ya kwaya, haimbi tena. Ana mtungi wa hewa karibu na kitanda, na ngazi za kwetu anapumzika katikati. Mvua imekuja baadaye, mabwawa yamejaa, na kifua chake hakikujaa nayo. Neema amenisamehe, nadhani. Bado hanitazami sana.

Lakini mimi nimeokolewa. Sisemi kutoka kwenye umaskini, maana sasa ndio nimeuingia. Nimeokolewa kutoka kwenye ule moyo uliofurahi yule bibi wa kwenye basi alipokosa mahali pa kuota moto. Nilipomleta mke wangu nyumbani nilikuta joto limejaa vyumba vyote. Mlikuwa mmemwachia Neema hela za mita bila kuniambia. Nikataka kuwarudishia, damu ikanichemka. Mama Neema akasema kwa ile pumzi yake fupi, "Kaa chini. Pokea." Nikakaa. Nikalia kama mtoto, mimi!

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulikuwa unategemea akili yako peke yako, na imekufikisha mbali kama yangu ilivyonifikisha, mtegemee Bwana kabla hujapewa unachokitaka. Kama huna mahali pa kuanzia, maombi ya Ijumaa sasa yanafanyika kwangu, na yule bibi wa ghorofa ya chini ndiye anayefika wa kwanza. Njoo. Usibishe hodi sana, ingia tu. Na ukishaingia funga mlango upesi, mke wangu asipigwe na baridi.