Mkono Nilioukataa Wodini

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Jibuni kwa sauti, maana huyu aliyesimama mbele yenu mlikwisha kumkatia tamaa. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenisimamisha leo kwa miguu yangu miwili, hapa barazani kwangu Kivinje. Wenzetu wa kanisani wana desturi ya kusimama na kueleza walivyookolewa. Sisi tumezoea kusoma dua, tukala, tukaondoka. Leo nimeomba pilau ingoje kidogo. Najua mmenuna, harufu mnaisikia. Nuneni, lakini nisikilizeni!

Mnanijua. Mimi ni Mwalimu Athumani, nimefundisha watoto Kurani katika mji huu tangu Mdachi alipoondoka. Nani hapa mkono wake wa kushoto haujaonja fimbo yangu? Mtoto akiandika nao, fimbo moja. Akila nao, mbili! Bi Zuhura yuko pale nyuma anacheka. Yeye mkono wa kushoto alizaliwa nao, nami nikamchapa mpaka akawa anauficha chini ya kanga. Nilijiona natengeneza watu.

Ndugu zangu, ilikuwa asubuhi, watoto wanasoma. Nikanyanyua fimbo, ikanitoka. Nikasema iokoteni, sauti ikatoka kama ya mlevi. Watoto wakacheka. Kisha wakaona mdomo wangu umekwenda upande, wakatimua mbio wakipiga kelele. Kiharusi! Mkono wa kulia na mguu wa kulia, vyote vikalala. Nikapakiwa kwenye lori la simsim mpaka Lindi, kichwa changu mapajani mwa mke wangu Somoe, naye njia nzima anasoma dua kwa sauti, hata dereva akaacha kupiga honi.

Hospitali wakanipokea vizuri, siwasingizii. Nililazwa karibu na Mzee Nassoro, mkulima wa Tingi aliyeanguka mnazini akavunjika mguu. Chakula kilikuja: asubuhi uji mzito na yai, mchana wali, kunde na kipande cha samaki. Dresa Filipo, msaidizi wa daktari, kijana wa Kimwera kutoka Mingoyo, aliniinua nikakaa wima, akaniwekea mto mgongoni, akanipa kijiko. Mkono wa kulia umelala. Akakitia kijiko kwenye mkono wa kushoto.

Nikakitupa chini!

Basi hapo ndipo shetani aliponipata, ndugu zangu. Nilikuwa nikiwaambia watoto anakaa kwenye mkono wa kushoto. Kwangu mimi alikaa shingoni. Niliona wodi nzima inanitazama. Wawili wao walikuwa wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima wenye ndevu. Nile kwa kushoto mbele yao, udenda unanitoka? Dresa akataka kunilisha, nikafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nikawa napokea chai tu, anishikie kikombe. Sahani yangu, akigeuka tu, naisukuma kwa Nassoro. Somoe akija kuniona na kuniuliza kama nimekula, najibu nimeshiba. Mwalimu wa Kurani, na uongo mdomoni!

Sasa yule dresa alikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya siku chache alinizungushia kipande cha bandeji pajani akakitia alama ya kalamu, apime unene wa paja. Si paja lililopooza, bali la kushoto, lile zima. Alama ikawa inasogea ndani. Shavu la mguu likawa linaning'inia kama soksi. Mimi nikasema ni ugonjwa, Mungu ndiye ajuaye. Nikamsingizia Mungu mambo niliyoyafanya mwenyewe!

Siku moja daktari akapita. Akatazama mguu wangu mzima, umebaki mfupa. Kisha akamtazama Nassoro, mashavu yamejaa, anang'aa, mtu aliyelazwa kwa kuvunjika!

"Mzee, wewe unakula sahani ngapi?"

Nassoro hajui kudanganya. "Mbili, bwana daktari. Yangu na ya Mwalimu. Anasema ni sadaka."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Daktari hakucheka. Akakaa kitandani pangu, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Mwalimu, kiharusi kilimaliza kazi yake siku ile ile. Hii ya sasa unaifanya wewe. Mwili usipopewa chakula unakula nyama yake wenyewe. Mgonjwa aliyelala misuli yake inakwisha upesi, na asipokula inakwisha mara mbili. Mguu wa kulia unaweza kuamka kesho, ukakuta wa kushoto hauna nguvu ya kukubeba. Utakufa hapa, na si kwa kiharusi."

Mnadhani nilitubu? Sikutubu! Nilimwambia, kwa ulimi ule mzito, nitakufa na heshima yangu.

Filipo akamweleza Somoe kila kitu. Kesho yake jioni, saa ya kuangalia wagonjwa, mke wangu akaja na bakuli la samaki wa tui aliyemchambua miiba yote, na wali laini. Hakunisalimia. Akakaa chini mbele yangu, watu wamejaa. Akachukua kanga yake ya pili, akaufunga mkono wake wa kulia ubavuni, fundo akalikaza kwa meno. Kisha, ndugu zangu, akala kwa mkono wa kushoto. Somoe! Mwanamke ambaye tangu nimuoe sijapata kumwona hata akipokea kitu kwa mkono huo. Wanawake waliokuja kuangalia wagonjwa wao wakaguna. Mmoja akageuza uso.

"Somoe, fungua," nikamwambia. "Watu wanakuona."

"Waone," akasema. "Mwalimu, ile hukumu ya mwenye udhuru unayowafundisha watoto wa watu, wewe haikuhusu?"

Hukumu naijua! Nimeifundisha miaka mingi kwamba mwenye udhuru ana ruhusa, dini haikuja kumuua mtu. Elimu nilikuwa nayo. Kilichokuwa kinaniua ni kibri.

"Na mimi," akasema, na sasa machozi yanamtoka, "sifungui kanga hii mpaka ule. Na ukifa nitakuja na mkono huu huu umefungwa kwenye maziko yako, niwaeleze watu kwa nini."

Ndugu zangu, nililia. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya Nassoro, mbele ya wale akina mama. Nikasema bismillahi, nikautia mkono wa kushoto bakulini. Tonge la kwanza likanikaba nikakohoa, Filipo akaja mbio, akanionyesha niinamishe kidevu na nitafune upande ulio mzima, kidogo kidogo. La pili likapita. La tatu likapita. Nilimaliza bakuli! Somoe akashindwa kufungua fundo lake, Nassoro akamfungulia, huku analalamika kwamba sasa yeye atakonda.

Tangu siku ile nikala kama ninavyoambiwa. Mayai, samaki, kunde, korosho za kusaga kwenye uji, hata nikiwa sina hamu. Na baada ya kula, Filipo ananishika kiunoni: "Haya, Mwalimu wangu, simama. Kaa. Simama tena." Nilimtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Lakini bandeji ikaanza kurudi, alama ikawa inasogea nje. Paja likajaa, mguu wa kulia nao ukaanza kukanyaga. Nikatoka wodini natembea, Somoe upande mmoja, gongo upande mwingine. Mkono wa kulia haujarudi, na huenda usirudi. Alhamdulillahi! Mimi nimerudi.

Wote niliowachapa kwa ajili ya mkono mliozaliwa nao, niwieni radhi. Zuhura, mwanangu, wewe kwanza.

Sasa namalizia, ndugu zangu. Nasikia nyumba ya tatu kutoka hapa, ndugu yetu Hamisi amepigwa na kiharusi kama mimi, upande ule ule wa kulia, wiki ya pili leo. Mnasema hana hamu ya kula. Nani kamwona akikataa kwa kukosa hamu? Mlimuuliza, au mlimwachia sahani mkaondoka? Mtegemeeni Mwenyezi Mungu, lakini mkitaka kuona msaada wake, tazameni kwanza sahani ya mgonjwa inaishia wapi! Na wewe unayenisikia kutoka kitandani, kama sauti hii inafika, Mola amekuachia mkono mmoja. Unyooshe!

Pilau ni yenu, kuleni. Mimi sili hapa. Somoe, nipakulie sinia moja, nyama uitoe mifupa, uchukue na maji ya kunawa. Nakwenda kwa Hamisi kwa miguu yangu, tukale pamoja, wazee wawili, mikono miwili ya kushoto.