Nicodemus Charo Gunga na Nyimbo za Upande wa Pili

Mtu tuliyekuja kumsindikiza leo, Nicodemus Charo Gunga, alizaliwa hapa Rabai Jumapili tarehe 3 Machi 1946. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Gunga Dzoro, seremala wa misheni, na Mama Kache. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa watu wakitoka kanisani, na kwamba hakulia mpaka wa mwisho alipokwisha kupita. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo huo.

Alianza masomo mwaka 1953 katika shule ya misheni, papa hapa. Hesabu ilimkalia vizuri, lakini kilichomshika hasa ni kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliruhusiwa kukipiga katika ibada ya asubuhi. Jumapili ya kwanza, mchungaji na waumini wote walifika mwisho wa wimbo, naye alikuwa bado yuko ubeti wa tatu. Alipoulizwa anachelewa nini, alijibu, "Sichelewi, Mchungaji. Nyinyi ndio mnakimbia." Baba yake alitaka kumchapa. Mchungaji alicheka, akamwachia kinanda. Mwaka 1962 alikwenda kisiwani Mombasa kusomea ufundi, akahitimu mwaka 1965.

Januari 1966 aliajiriwa kuwa fundi wa simu, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na miwili. Alipanda nguzo na kuingia majumbani mwa watu kuanzia Ganjoni hadi Tudor, kuanzia Majengo hadi Mji wa Kale. Alikuwa na desturi ya kuvua viatu mlangoni hata alipoambiwa asijisumbue, na wako wenyeji wa Mji wa Kale waliozijua soksi zake kuliko walivyolijua jina lake.

Lakini kazi ya simu ilikuwa nusu tu ya maisha yake. Mwaka 1968, yeye na wenzake watatu waliunda bendi ya roki iliyoitwa Vimondo, wakifanyia mazoezi katika ghala moja kuukuu huko Tudor. Kiongozi alikuwa Kombe Athumani, mpiga gita na mwimbaji, kijana wa Majengo mwenye sauti ya kupasua ukuta. Nicodemus alipiga gita la besi na kutunga. Nyimbo zao za kasi ziliwafanya wajulikane pwani nzima, na baadhi ya wazee walioketi hapa leo kwa heshima zao wanajua vizuri walivyoruka wakati huo.

Jumamosi tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Dama, binti wa Mzee Mwamuye Tsuma wa Kaloleni. Walipanga nyumba Tudor, na Mungu akawajalia watoto watatu: Kache mwaka 1972, Samuel mwaka 1975 na Caroline mwaka 1979. Mama Dama anasema kwamba alimpenda kwa sababu alikuwa kijana wa kwanza aliyemwuliza swali kisha akasubiri jibu.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe hakupenda kupazungumzia kwa muda mrefu, ila katika miaka yake ya mwisho alituomba pasirukwe. Mwaka 1974 Vimondo walitoa santuri yao ya pili. Upande wa kwanza ulikuwa na zile nyimbo za kasi. Upande wa pili Nicodemus aliomba apewe yeye, akaweka nyimbo nne za polepole, na safari hii akaimba mwenyewe. Wa mwisho, "Dirisha la Ganjoni", ulikuwa wa dakika kumi na moja. Kampuni ya santuri iliukata ukabaki dakika nne. Santuri haikuuzika. Vijana walitoka uwanjani kila bendi ilipopunguza mwendo. Mwezi Machi 1975, mbele ya wenzao wote, Kombe aliweka gita chini akasema, "Nyimbo zako, Nico, ndizo zilizotuzika." Wiki ile ile bendi ikavunjika. Kombe akaondoka kwenda kupiga muziki katika meli za abiria.

Nicodemus aliliuza gita la besi. Hakuimba tena, hata kanisani alifungua kitabu cha nyimbo na kufumba midomo. Santuri ya Vimondo ikipigwa harusini, alitoka nje akasimama mpaka iishe. Wanawe walikua bila kujua kwamba baba yao aliwahi kurekodi sauti. Aliamini kwamba aliivunja bendi iliyokuwa riziki ya wenziwe watatu, tena kwa kiburi cha kutaka kusikilizwa peke yake. Kombe aliporudi kuishi Majengo mwaka 1983, kila mmoja alijua mwenziwe anakaa wapi, na hakuna aliyebisha hodi. Simu ikiharibika mtaa ule, Nicodemus alimwomba fundi mwingine aende.

Mambo yakakaa hivyo hadi Jumatano tarehe 7 Juni 1995. Siku hiyo alitumwa Ndia Kuu, Mji wa Kale, kwenye duka la kaseti la Bwana Akil, ambalo simu yake ilikuwa imekufa. Alivua viatu, akaingia chini ya meza na koleo zake. Juu ya meza santuri ilikuwa ikizunguka, na watu watatu walikuwa wakibishana: Bwana Akil mwenyewe, Mwalimu Areej anayefundisha Ganjoni, na Bwana Kioko, mwoka mikate. Nicodemus alipotambua ni santuri gani, na ni upande gani, aliweka koleo chini.

"Miaka yote hii mimi nawarekodia watu upande wa kwanza tu," Bwana Akil alikuwa akisema. "Huu wa pili sikuwa hata nikiugeuza."

"Ule wa kwanza niliucheza ujanani," akasema Bwana Kioko. "Huu nausikiliza sasa, nimeshamzika mke wangu, ndio kwanza naelewa unasema nini."

"Lakini sikizeni hapa mwisho," akasema Mwalimu Areej. "Gita ndio kwanza laingia, na sauti yazimwa. Huyu mtu hakumaliza maneno yake. Amekatwa."

Nicodemus alisema kutoka chini ya meza, "Upande huo ndio ulioivunja bendi."

"Nani kakwambia, fundi?"

"Ndivyo ilivyosemwa."

"Basi aliyesema hakusikiza," Mwalimu Areej akajibu, kisha akairudisha sindano mwanzo.

Nicodemus aliziunga nyaya, akaijaribu simu, akaaga na kuondoka. Alikuwa amefika kona aliposikia anaitwa. Bwana Kioko alikuwa akimkimbilia na viatu vyake mkononi.

"Fundi, umetoka na soksi! Na kama waijua habari ya bendi ile, hebu niambie, ni nani aliyekuwa akiimba?"

Nicodemus alivaa kiatu cha kwanza, akavaa cha pili, akafunga kamba. "Ni mimi," akasema.

Alirudishwa dukani ameshikwa mkono kama bwana harusi. Walitaka kujua kila kitu, na zaidi ya yote walitaka kujua lilipo lile "Dirisha la Ganjoni" zima, la dakika kumi na moja. Aliwaambia ukweli: utepe ulikuwa mmoja tu, na kama haujatupwa, uko kwa Kombe.

Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe, akamalizia kwa kusema kwamba hawezi kwenda. Mama Dama alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso. "Nguzo zote za Majengo umezipanda, Baba Kache," akasema. "Mlango mmoja tu ndio wakushinda?"

Jumamosi alasiri alikwenda. Kombe alifungua mlango mwenyewe, amevaa kikoi, kichwa chote mvi. Alisogea kando ampishe.

"Nico," akasema Kombe. "Ndoo ndani."

Utepe ulikuwa katika kopo la biskuti, juu ya kabati, umefungwa kwa kitambaa. Kombe aliuweka mapajani mwake asiutoe mara moja.

"N'na neno la kukwambia kwanza," akasema. "Ile kazi ya meli niliipata kabla ya santuri kutoka. Nilishatia saini. Sikuwa na uso wa kuwaambia kwamba nawaacha. Santuri ilipokataa kwenda, nikaona hapo ndipo pa kutokea. Nikakutwika wewe."

"Miaka ishirini, Kombe."

"Najua. Na si nyimbo zako zilizonichosha, wallahi. Utepe huu nimezunguka nao bandari zote. Nilikuwa nikiusikiza peke yangu, nikiona haya."

Nicodemus aliomba maji, akanywa gilasi mbili. Alimwambia mkewe baadaye kwamba alijihisi kama mchukuzi aliyetua gunia la mbata, ambaye bado anatembea ameinama kwa sababu mgongo haujapata habari. Alikasirika pia, na hilo hatutalificha. Kwa wiki mbili hakutia mguu Majengo. Wiki ya tatu alirudi, amechukua spiriti na pamba za kusafishia mashine ya utepe. Walifanya kazi pamoja mpaka adhana ya alasiri, na hawakuzungumza jambo jingine ila namna ya kuunganisha pale utepe ulipokuwa umekatika kwa uzee.

Walipoupeleka Ndia Kuu, watu kumi na wanne walikaa dukani na barazani kuusikiliza. Ulipokwisha, Bwana Akil aliizima mashine. Kisha Mwalimu Areej akasema, kwa adabu, kwamba dakika tisa za mwanzo ndizo wimbo mzuri kuliko wote aliopata kuusikia kutoka kisiwa hiki, ila mbili za mwisho hazina kazi. Nicodemus alicheka hadi akatokwa na machozi. "Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Sikujua pa kusimama." Caroline, aliyekuwa na miaka kumi na sita na aliyemfuata baba yake siku hiyo, anasema kwamba alikuwa hajawahi kumsikia akicheka kwa sauti namna ile.

Tangu hapo wapenzi wa upande wa pili waliongezeka. Walikutana dukani kila Jumamosi alasiri, wakabishana kuhusu nyimbo ambazo zamani hakuna aliyezitaka, wakarekodiana kaseti, wakapeleka barua redioni. Si wote waliokubali. Wako wanaosema mpaka leo kwamba Vimondo walikuwa bendi ya kasi na huko polepole walipotea njia, na Nicodemus aliwakaribisha hao pia, akasema angalau wao wamesikiliza ndipo wakakataa. Jumamosi tarehe 16 Desemba 1995 walikodi ukumbi mdogo Tudor. Walikuja watu kama tisini. Nicodemus, mwenye umri wa miaka arubaini na tisa, aliimba nyimbo zote nne amevaa miwani ya kusomea, gita la besi la kuazima kifuani, Kombe kando yake. "Dirisha la Ganjoni" walilipiga mwisho, na safari hii likasimama dakika ya tisa. Jumapili iliyofuata, hapa kanisani, alifungua kitabu cha nyimbo na kuimba kwa sauti.

Maradhi yalianza Septemba 1997 kwa maumivu ya tumbo. Alidhani ni uchovu, maana mvua za El Nino zilipoanza, laini nyingi za kisiwani zilianguka na mafundi hawakupumzika. Februari 1998 madaktari walisema ni saratani ya ini. Alistaafu mwezi wa Juni mwaka huo. Alilazwa mara tatu, na mwisho akaomba auguzwe nyumbani. Mama Dama hakumwacha hata siku moja. Kombe alikuja kila Jumatatu kumnyoa ndevu, akimtania kwamba ndevu zake nazo huota polepole. Bwana Akil na wenzake walileta matunda na mabishano yao, na mgonjwa alipochoka kujibu alikuwa akiinua kidole kuonyesha anamuunga mkono nani.

Mwezi uliopita Samuel alimwuliza kama anaogopa. Alifikiri kidogo, akasema, "Ningekufa miaka ya themanini, ningeogopa. Sasa hakuna kinachonikaba." Maumivu yalikuwa makali wiki zile za mwisho, na wote tuliomuuguza tuliomba yasirefushwe. Alhamisi tarehe 15 Aprili 1999, saa nne asubuhi, Mama Dama alikuwa amemshika mkono akimweleza habari za wajukuu, akaona uso wake umelegea, mikunjo yote ya maumivu imetoka. Alimwita mara mbili. Kisha akamfunika, akatuambia, "Amepata nafuu." Hatukuwa na neno sahihi zaidi ya hilo.

Ameacha mjane, Dama; watoto, Kache, Samuel na Caroline; mkwe mmoja na wajukuu wanne; dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia mafundi wenzake wa simu, na wasikilizaji wake wa Ndia Kuu, ambao wamekodi gari kutoka kisiwani kuwa nasi hapa. Familia imeomba jina la Kombe Athumani liandikwe hapa pamoja na ndugu wa marehemu, na yeye amekubali.

Mwenyezi Mungu ampokee Nicodemus, ampumzishe, na ile amani aliyoipata miaka yake minne ya mwisho isimtoke tena.